Miaka Yangu ya Kusikiliza Mchanga

Juzi walinijia nyumbani vijana wanne wanaosoma chuo kikuu kule Chimwaga. Walikuja na mashine mpya ya kutafutia vyuma, ina kioo kama cha simu na yenyewe inaongea Kiingereza. Walikunywa chai yangu, wakala viazi vyangu, kisha mmoja wao, mwenye ndevu chache za kuhesabika, akainama na kuninong'oneza kama mtu anayeuza nyama ya porini: "Bibi, Wajerumani walizika wapi mali zao?"

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hapa Wajerumani walizika Wajerumani wenzao. Ukichimba huko utakutana na mifupa, halafu utakutana na mchungaji."

Walicheka, lakini niliona hawajaniamini. Walidhani nimeficha siri. Walipoondoka nikabaki nawaza kwamba siri ninayo kweli, tena nyingi, ila siyo ile waliyoifuata. Ndiyo maana nimeketi kuwaandikia nyinyi mnaonunua mashine hizi kabla hamjajifunza kuzitumia.

Jina langu ni Foibe. Kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kutafuta vitu vilivyopotea mchangani: pete, hereni, mikufu, na sarafu za zamani zilizodondoka kabla mama yangu hajazaliwa. Nimetafuta kwenye makorongo, kwenye viwanja vya mnada wa ng'ombe, kwenye kingo za mabwawa. Mara nyingi nilifika mahali ambapo watu wengine wenye mashine walikuwa wameshapita mara tatu, mara nne, na bado nikaondoka na kitu. Kazi hii niliijua. Nasema hivyo bila haya, maana nisipojisemea mwenyewe sijui nani atanisemea.

Nilianza idara ya maji, kikosi cha mabomba. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kikosi kile. Mabomba ya mji wetu yalifukiwa zamani, na ramani zake zilizokuwa kabatini zililiwa na mchwa mpaka zikabaki vipande kama mkate uliogugunwa na panya. Kwa hiyo tulikuwa na mashine moja ya kutafutia chuma, nzito, yenye sahani ya duara chini na sanduku la betri la kuning'iniza begani. Unavaa hedifoni masikioni, unapitisha sahani juu ya ardhi, ukifika kwenye chuma inalia. Wanaume waliona inawachosha mgongo, wakanipa mimi.

Mwezi wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo wazee wa mtaa ule wananikumbusha. Tulikuwa tunatafuta koki iliyozama ardhini. Mashine ikalia kwa nguvu mpaka nikatoa hedifoni masikioni. Nikaona aibu kumwita fundi, nikataka nionekane najua. Nikachukua mtalimbo, nikauinua, nikaushusha kwa nguvu zangu zote. Ile haikuwa koki. Lilikuwa bomba kubwa la mtaa mzima. Maji yaliruka juu kuliko paa la nyumba, na mimi nikasimama katikati yake nimeloa chapachapa, huku watoto wakija mbio na ndoo na masufuria wakishangilia kama siku ya harusi. Mtaa ule ulikaa bila maji siku mbili.

Siku ya pili nikaitwa ofisini. Nilipita kwenye chumba cha simu, akaniita Mzee Yona.

Mzee Yona alikuwa mpokea simu wetu. Hakuwa anaona tangu utotoni; alisoma Buigiri, kwenye shule ya wasioona, akajifunza kupiga chapa na kazi ya simu. Alikuwa anamjua mtu kwa pumzi kabla hajataja jina. Ukinyanyua simu chumba cha mwisho, yeye anajua ni nani na kama amelala vizuri.

"Foibe," akasema, "tangu jana sijapumzika. Mtaa mzima unanipigia kukutukana wewe."

"Samahani, mzee."

"Hebu niambie. Kabla hujapiga, mashine ililia vipi?"

"Ililia sana."

"Sana siyo jibu. Ilianza ghafla au ilipanda polepole? Ilikatika, au ilikuwa inakufuata kila unapokwenda?"

Sikujua. Nilikuwa nimesikia kelele tu.

Basi akaniomba nimletee mashine saa ya chakula cha mchana. Tukatoka nyuma ya ofisi, penye rundo la mchanga wa ujenzi. Akanituma nifukie vitu bila kumwambia ni nini: msumari, kizibo cha soda, sarafu, kufuli, na pete yake mwenyewe ya ndoa. Akavaa hedifoni, akapitisha sahani polepole, uso ameuelekeza angani. Akasimama mahali pa kwanza. "Hapa sauti imechanika. Msumari." Pa pili. "Hii ni pana na ina kikohozi. Kizibo." Akapita vyote vitano, hakukosea hata kimoja. Alipofika kwenye pete akatabasamu. "Hii ni ya duara. Unaisikia inavyoingia na inavyotoka sawasawa? Hii ni ndoa yangu, nirudishie haraka kabla mama hajasikia."

Mimi nilipovaa, vyote vilikuwa kelele moja. Kwa muda wa mwaka na zaidi tulikuwa tunafanya hivyo kila tulipopata nafasi. Alikuwa ananikemea kama mwalimu wa kwaya. Akaniambia sauti kubwa inamfanya mtu apumbae, na kwamba nisikilize hasa zile ndogo ambazo mtu mwenye haraka anasema ni upepo. Siku nilipovipata vyote vitano bila kukosea, alinunua soda mbili, tukanywa palepale kwenye mchanga. Sijapata cheti kingine maishani kinachonipa fahari kama soda ile.

Kisha ikaja miaka ile ya ruksa. Mnaisoma vitabuni, sisi ilitupitia mwilini. Maduka yalijaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu redioni. Mitumba ikamwagika kila kona, kila mtu akawa mfanyabiashara. Lakini serikalini tuliambiwa tumezidi. Kikosi chetu kilipunguzwa, majina yakabandikwa ukutani, langu likiwa la tatu. Mzee Yona alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Vifaa chakavu vya idara vikapigwa mnada, na ile mashine hakuna aliyeitaka. Watu walikuwa wanagombania viti na milango. Nikaichukua mimi kwa bei ya jogoo, nikaibeba begani kwa miguu mpaka nyumbani. Majirani walisema Foibe amechanganyikiwa kwa kuachishwa kazi.

Kwa kweli sikuwa na mpango. Kilichotokea ni kwamba bibi harusi mmoja alidondosha pete kwenye uwanja wa kanisa, nikaitafuta, nikaipata. Habari ikaenea. Nikawa naitwa.

Kuhusu sarafu, nitawaambia la mnada. Kuna kiwanja cha zamani cha mnada wa ng'ombe ambacho wenye mashine walikuwa wamekichambua kama mchele. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanapita kwenda Kanda ya Ziwa walikuwa wanasimama pale kujaribu mashine zao. Kila mtu aliniambia hamna kitu. Nikafuata taratibu zangu: kwanza nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikaomba ruhusa, maana ardhi ina wenyewe, na vitu vya kale vina sheria yake. Kisha nikamtafuta mtu aliyekuwepo zamani. Nikampata bibi mmoja aliyekuwa akiuza pombe pale enzi za Mwingereza.

"Bibi, zamani ng'ombe walikuwa wanasimama wapi?"

"Ng'ombe wana hela?" akaniuliza. "Uliza pombe ilikuwa wapi."

Akaniongoza mpaka kwenye kichaka cha miiba, mbali kabisa na kiwanja. Hapo ndipo palipokuwa na vibanda vyao. "Wanaume walikuwa wanakuja na hela za mbuzi," akasema, "wanaondoka wanaanguka. Asubuhi nilikuwa naokota, lakini macho yangu hayakuwa mazuri hata wakati huo." Nikafyeka miiba. Ndani ya siku nne nikatoa senti za Mwingereza zenye tundu katikati, zile ambazo akina mama wa zamani walizitunga pamoja na shanga, na chini zaidi heller, senti za Mjerumani zenye taji, shaba imekuwa kijani kama mlenda. Za Mjerumani nilizipeleka kwa watu wa mambo ya kale. Waliniandikia barua ya shukrani, ninayo mpaka leo kwenye Biblia.

Barua ile iliniletea wageni wa ajabu. Akaja bwana mmoja na suti, akataka nimtafutie rupia inayovuta punje za mchele. Nikamwambia rupia nazijua, hazivuti mchele. Akasema kuna mnunuzi Arabuni. Nikaingia ndani nikatoka na bakuli la mchele na sarafu yangu, nikaiweka katikati. Tukakaa tunaitazama, yeye na mimi, kama nusu saa. Mwishowe nikamwambia, "Baba, kwa kuwa haujavutwa, acha nikauchemshe." Alikula, akaenda zake, sikumwona tena. Msipoteze ujana wenu kwa mambo hayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka. Asubuhi moja alikuja nyumbani kwangu binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Mwaja. Nilikuwa sijawahi kumwona. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama, samahani kwa kukuvamia. Mama yangu amewekwa ndani."

"Amefanya nini?"

"Wanasema ameiba pete."

Mama yake, Mama Mwaja, alikuwa mpishi nyumbani kwa afisa mmoja, na mke wa afisa huyo aliitwa Mama Doreen. Jumatatu ya Pasaka familia ilikwenda kupumzika kwenye bwawa nje ya mji, upande wenye mchanga, ambako watu wengi walikuwa wanakwenda siku za sikukuu. Mama Doreen alikuwa amevaa pete nyembamba ya dhahabu, aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kabla ya kula ugali na samaki aliivua, akampa mpishi amshikie. Jioni walipofika nyumbani, pete haikuwepo. Mama Mwaja alisema, "Nilikurudishia mkononi." Mama Doreen alisema hakurudishiwa.

Afisa akaita mafundi wawili kutoka Dar es Salaam, wenye mashine mpya kabisa, aina inayochagua: unaiamuru inyamaze kwenye takataka na ilie kwenye vitu vya maana. Walitafuta siku moja na nusu. Halafu wakaandika kwenye karatasi, wakatia sahihi, kwamba ufukweni hakuna pete. Karatasi hiyo ndiyo iliyompeleka Mama Mwaja mahabusu. Ikiwa haiko mchangani, iko kwake.

Wajukuu, niliogopa. Mwaja alidhani nafikiria malipo, akaanza kusema atauza baiskeli. Nikamwambia, "Si hilo. Nikitafuta nisipate, nitakuwa nimewapa karatasi ya pili."

Akaniangalia. "Mama, ya kwanza imeshatosha kumfunga."

Nikainuka nikachukua mashine.

Nilipita kwanza kwa Mama Doreen. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu hivi, mzuri, amechoka usoni. Nikamwomba aje anionyeshe walipokaa.

"Wataalamu wameshapita," akasema.

"Wamepita kweli. Mimi sipiti, mimi nakaa."

Hakucheka. Alinichorea kwenye daftari la mtoto: gari hapa, mkeka hapa, watoto walicheza hapa. Nikamuuliza walinawia wapi baada ya samaki. Akasema maji yalikuwa kwenye ndoo, karibu na gari. Nikaondoka na mchoro wangu.

Bwawani nilikuta mistari ya mafundi wale bado iko mchangani. Kazi yao ilikuwa safi, siwasemi vibaya. Lakini kila penye takataka nyingi walikuwa wamepita kwa hatua ndefu. Hapo nikaanza kupata matumaini, kwa sababu najua kitu kimoja ambacho nawaomba mkishike: pete nyembamba ya dhahabu inalia sawasawa na karatasi inayong'aa iliyo ndani ya pakiti ya sigara. Mashine haijui tofauti. Ukiiambia inyamaze kwenye karatasi ya sigara, umeiambia inyamaze kwenye pete.

Basi sikuchagua. Nikapiga vigingi, nikafunga kamba ya katani, nikagawa ufukwe vipande vya hatua tatu tatu. Nikaenda polepole, kila mpito wa sahani ukiupanda ule uliotangulia, nikimaliza upande mmoja narudi kwa kukatiza. Kila kilicholia nilikichimba. Mwaja alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Alikaa pembeni na gunia, akipokea ninachotoa. Vizibo vya soda, vizibo vya bia, karatasi za sigara, ndoano, kijiko, kitasa cha mlango, sijui kilifuata nini bwawani. Siku ya kwanza tulijaza nusu gunia. Kuelekea jioni nilisikia sauti nzuri, ya duara. Nikachimba. Ilikuwa washa ya bomba, kile kipete cha chuma cha kukazia. Nilitamani kulia, na Mwaja alilia kwa niaba yangu.

Siku ya pili nikaanza na mahali ambapo hapakuwa kwenye mchoro wa Mama Doreen. Kulikuwa na jiwe bapa linaloingia majini, ambapo watu wote wa sikukuu walikuwa wanasugulia vyombo vyao na kunawia. Palikuwa pachafu kuliko pote. Mashine ililia mfululizo kama mtoto mwenye njaa. Mafundi hawakuweka mguu pale. Nikapiga magoti, nikaanza kutoa takataka moja baada ya nyingine, maana chuma kikubwa kinaficha sauti ya kitu kidogo kilicho chini yake. Na hili ndilo ninalowaomba mlishike kuliko yote: ukishatoa kitu, rudisha sahani juu ya shimo. Wengi wanatoa kizibo, wanatukana, wanaondoka.

Saa tano hivi asubuhi nilitoa kizibo cha soda kilichokuwa kimepinda. Nikarudisha sahani. Kulikuwa na kitu. Kidogo sana, chini ya sauti ya pumzi zangu mwenyewe. Nikazuia pumzi. Kiliingia na kutoka sawasawa.

Nikaweka mashine chini, nikafukua kwa vidole, punje kwa punje. Ukaonekana ukingo mwembamba wa njano, kama kucha ya mtoto mchanga.

Mwaja akapiga kelele, akanyoosha mkono. Nikaudaka.

"Usiguse!"

"Mama, ndiyo yenyewe!"

"Ndiyo maana usiguse. Tukiitoa sisi watasema tumekuja nayo."

Nikafunika shimo kwa beseni tulilokuja nalo, nikamtuma Mwaja kwa baiskeli yake aende kituo cha polisi amlete askari, na Mama Doreen, wote wawili. Kisha nikakaa chini kando ya lile beseni. Jua lilikuwa kali, jua letu la hapa linalokuja baada ya mvua. Sikunywa maji wala sikuinuka hata kujinyoosha. Alipita mchunga ng'ombe mmoja na mifugo yake wakielekea majini, nikawafukuza wasikanyage, akaniuliza kwa Kigogo nimefunika kuku gani. Nikamwambia ni kuku wa watu.

Walifika saa tisa, kwa gari la afisa. Askari alikuwa mtu mzima, koplo, ametota jasho kwapani. Mama Doreen alivaa miwani ya jua.

"Mama, unasema iko hapo?" koplo akauliza.

"Sisemi kitu. Inua beseni."

Akainua. Akachuchumaa. Akaondoa mchanga kwa kidole kimoja, akaitoa, akaiweka kwenye kiganja chake. Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi, na ilikuwa haki yake kulisema.

"Mpishi angeweza kuificha hapa, aje kuichukua baadaye."

Mwaja akajishika kichwa. Mashine yangu inajua kitu kiko wapi, haijui kimefikaje.

Lakini Mama Doreen hakuwa anamtazama koplo. Alikuwa amevua miwani anatazama lile jiwe. Akasogea, akalipanda, akachuchumaa pale ukingoni kwenye maji, kama mtu anayejipima.

"Hapa nilinawa mimi," akasema. "Maji ya ndoo yalikuwa yameisha. Yeye alikuwa kule kwenye gari anafungasha vyombo. Hakufika huku kabisa."

"Na pete?" koplo akauliza.

"Alinipa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alinipa wakati nainuka kwenye mkeka. Nikaivaa. Nikaja hapa na sabuni." Akajitazama mikono. "Alinirudishia, nami kwa kuchanganyikiwa nikamwambia mume wangu hakunirudishia."

Koplo akaandika. Tukarudi mjini. Mimi na Mwaja tulikaa nyuma, miguu yetu juu ya gunia la vizibo. Tulipokaribia kituo Mama Doreen akageuka kwangu. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye poda.

"Mama Foibe, nikimwona nimwambie nini?"

Kwa kweli sikutaka kumsaidia. Nilitaka ateseke kidogo. Lakini nilimwangalia, nikaona ni mtoto aliyefiwa na mama yake na akaogopa kumpoteza mara ya pili.

"Ana umri gani mpishi wako?" nikamuuliza.

"Sijui. Hamsini na kitu."

"Miaka mliyokaa pamoja, asubuhi nani anamwamkia mwenzake?"

Akageuka mbele, akajifuta poda kwa kiganja.

Mama Mwaja aliletwa kutoka ndani peku, kanga moja, nywele zimetimka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu. Alimwona binti yake kwanza, kisha mimi, ambaye hakunijua, kisha bosi wake. Akasimama alipo. Nikaona midomo yake inajiandaa kutoa salamu ile ile ya kila siku, kwa mazoea tu, kwa mwanamke ambaye angeweza kumzaa.

Mama Doreen akamtangulia. Akapiga magoti kwenye sakafu ya kituo, pale pale mbele ya koplo na watu waliokuja kuandikisha kesi zao, na suti yake ya kitenge.

"Shikamoo, mama."

Mama Mwaja alimtazama kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu kuliko siku mbili nilizokaa bwawani. Hakumwinua. Hakumwambia hakuna neno. Alijifunga kanga yake vizuri, akaikaza kiunoni, akanyoosha mgongo.

"Marahaba," akasema.

Kisha akamshika Mwaja mkono, wakatoka nje kwenye jua, na jikoni kwa Mama Doreen hakurudi tena.